TURBO IKIFA, NANI ALIPE?



Kuna karatasi imeletwa katika ofisi ya tawi mwezi huu, nasi tumeonelea ni afadhali isomwe na wote kuliko kulala ndani ya faili. Ni hesabu ya gereji. Mwenye kuileta ni dereva wa lori dogo la tajiri mmoja wa hapa mjini. Jina lake na la tajiri wake tunayaacha, maana shauri lingali mezani.

Hesabu yasema hivi: turbo mpya shilingi 85,000; gasketi, bolti na mrija wa oili shilingi 7,500; oili na filta shilingi 6,500; kuosha redieta ya hewa, ile ambayo mafundi huiita intakula, shilingi 3,000; kazi ya fundi shilingi 10,000; na gari kuvutwa kutoka barabarani mpaka gereji shilingi 6,000. Jumla shilingi 118,000. Chini yake tajiri ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba dereva akatwe shilingi 9,000 kila mwezi mpaka deni liishe. Mshahara wa dereva ni shilingi 27,000. Basi atakatwa miezi 13 mizima, na mwezi wa 14 atamalizia shilingi 1,000. Kodi ya nyumba haitamngoja miezi hiyo yote, wala karo.

Alipouliza kosa lake ni nini aliambiwa maneno matatu tu: wewe ndiwe uliyeendesha.

Wengine watasema, watu wa reli wana shauri gani na turbo ya lori? Wanalo. Wanachama wetu wengi huendesha pikapu na malori ya kazi, na ndugu zao wako katika malori na matatu ya watu binafsi. Tena sisi wa reli tuliijua turbo zamani, kabla haijawa kitu cha magari ya mtaani. Injini za dizeli za English Electric zilizoanza kuvuta mabehewa katika nchi hii mwaka 1960 zilikuwa nayo, na hata zile za General Electric zilizokuja baadaye. Turbo ya injini ya reli ikifa, gharama yake si ya kutajwa mbele ya mtu mwenye mshahara mdogo. Lakini sisi hatujapata kuona dereva wa gari moshi akiandikiwa deni la turbo. Huulizwa kwanza: imekufa kwa sababu gani? Hilo ndilo swali ambalo tajiri yule hakuliuliza, na ndilo tunalotaka kuliuliza hapa.

Turbo ni nini? Moshi wa injini hutoka kwa nguvu na moto mwingi. Zamani nguvu hiyo ilitupwa bure kwa eksozi. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1905 kwa wazo la kuifanyisha kazi. Moshi huzungusha kigurudumu chenye mapanga madogo. Kigurudumu hicho kimeungwa kwa fito moja na kigurudumu cha pili upande wa hewa safi, nacho huisukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu. Hewa ikizidi, dizeli nyingi zaidi yaweza kuchomwa, na injini ndogo hufanya kazi ya injini kubwa. Katika magari madogo ya watu jambo hili lilianza kuuzwa Marekani mwaka 1962, katika Oldsmobile na Chevrolet. Leo ni shida kupata pikapu mpya ya dizeli isiyo nayo.

Katika nchi yetu ina faida zaidi, na pia ina mzigo zaidi. Lori likitoka Mombasa limeanza kando ya bahari. Likifika Nairobi limepanda zaidi ya mita 1,600, na hewa imekuwa nyepesi kwa karibu sehemu moja katika sita. Likiendelea mpaka Timboroa liko juu ya futi 9,000. Injini isiyo na turbo hupumua kwa shida huko, kama mzee apandaye ngazi. Yenye turbo haisikii sana, kwa sababu turbo huzunguka kwa kasi zaidi ili kuifidia hewa iliyopungua. Injini hupumzika, lakini turbo ndiyo itokayo jasho.

Sasa angalieni kasi hiyo. Injini ya lori ikivuta mlimani huzunguka labda mara 2,500 kwa dakika. Ile fito ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Nayo katika turbo nyingi haikai juu ya beringi za gololi. Huelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Oili ikikatika kwa nafasi ya sekunde chache tu, chuma hugusa chuma. Oili ikiwa chafu, uchafu wake huisugua fito kama msasa. Oili ikikaa mno bila kubadilishwa hugeuka kuwa masizi magumu, yakaziba mrija mwembamba unaoipeleka kwenye turbo, na hapo turbo huanza kufa kwa kiu wakati injini yenyewe ingali ikinguruma vizuri.

Ndiyo maana mafundi wenye akili husema turbo haifi, huuawa. Huuawa na oili mbaya au oili chache. Huuawa na filta ya hewa iliyotoboka ikapitisha vumbi na vijiwe. Huuawa na gari lililopanda mlima likizimwa papo hapo, na oili iliyomo ndani ikaungua kwa joto, badala ya kuachwa lingurume taratibu dakika moja au mbili. Nyingine hukwama kwa masizi ya moshi. Katika sababu hizo zote tunaiona moja tu iliyo mkononi mwa dereva moja kwa moja, nayo ni hiyo ya kuzima gari likiwa moto. Zilizobaki ni za mwenye mfuko, yule anunuaye oili na filta na kutoa siku ya gari kusimama.

Turudi kwenye karatasi yetu. Dereva alileta pamoja nayo daftari lake mwenyewe, la shule, lenye jalada la samawati. Kila safari ameandika kilomita. Oili ilibadilishwa mara ya mwisho kilomita 11,400 kabla ya turbo kufa, na kibandiko cha gereji kilichobandikwa ndani ya mlango wa gari chataka ibadilishwe kila kilomita 5,000. Mara mbili ameandika kwamba alimwambia msimamizi. Mara ya kwanza alijibiwa kwamba kuna mzigo wa haraka. Mara ya pili hakujibiwa kitu.

Tazameni tena ile hesabu. Oili na filta, shilingi 6,500. Mara mbili zilizorukwa ni shilingi 13,000. Tajiri alibana shilingi 13,000, akapoteza 118,000, na sasa ataka zirudi kutoka mfuko wa mtu wa shilingi 27,000. Hatusemi hesabu ya gereji ni ya uongo. Twaonelea ni ya haki kuliko nyingi tulizoziona, kwa sababu fundi huyo amebadilisha mrija wa oili na kuiosha intakula. Fundi afungaye turbo mpya juu ya mrija ule ule ulioziba amemwuzia mtu turbo ya wiki mbili. Na intakula isipooshwa, oili iliyojaa ndani yake hurudi injini ikiwa imeshika kasi. Injini ya dizeli yaweza kuanza kula oili hiyo kama chakula, ikanguruma yenyewe bila kusikia ufunguo, mpaka ivunjike. Mtu aliyepata kuiona hataisahau.

Sasa sheria. Wengi wameisikia kwa mdomo wa tajiri, wala hawajaisoma. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, ndiyo itajayo makato ambayo mwajiri aruhusiwa kuyafanya katika mshahara. Kuhusu mali yake iliyoharibika au kupotea, yasema aweza kukata kiasi cha kadiri, ikiwa hasara hiyo imeletwa na kosa la mfanyi kazi la kukusudia. La kukusudia, ndugu zangu. Hapo sheria haitaji bahati mbaya, wala uchakavu, wala neno la wewe ndiwe uliyeendesha. Ni juu yake mwenye gari aonyeshe kwamba mtu huyu alitaka, au alijua na akapuuza kwa makusudi. Dereva aliyeomba oili mara mbili na kunyimwa, ni kusudi gani alilokuwa nalo?

Tena neno hilo la kiasi cha kadiri lina maana yake. Turbo iliyokufa ilikuwa kuukuu. Magari mengi yetu huja yakiwa yametumika ng'ambo, na kanuni yetu huyakubali mpaka umri wa miaka 8. Halafu hufanya kazi hapa miaka mingine mingi. Ukimlipisha dereva bei ya turbo mpya badala ya ile kuukuu, umemfanya akununulie kitu ambacho hukuwa nacho. Hata kama kosa lingekuwa lake kweli, hesabu hiyo haingekuwa ya haki.

Tajiri wetu asema ana huruma, kwa kuwa sheria yamruhusu kukata theluthi mbili naye amekata theluthi moja tu. Maneno haya tumeyasikia mahali pengi, na ni maneno ya kupotosha. Ni kweli kifungu hicho chataja theluthi mbili. Lakini huo ni ukuta wa nyuma: makato yote yaliyo halali, yakiwekwa pamoja, yasivuke hapo. Kato lisilo halali haliwi halali kwa sababu ni dogo. Mtu akikuibia shilingi 10 hasemi, nishukuru, ningeweza kuiba 20.

Kuna hila nyingine, mpya kidogo. Dereva huitwa ofisini na kupewa karatasi atie sahihi kwamba amekopeshwa fedha na kampuni, hali hakuona hata senti. Fedha hiyo ni bei ya turbo. Sheria yaruhusu mwajiri kujilipa mkopo wa fedha aliompa mfanyi kazi kwa mkataba wa maandishi, na ndiyo sababu ya kuligeuza jina. Ukitia sahihi karatasi kama hiyo umeifanya kazi ya chama kuwa ngumu mara kumi. Mwombe nafasi ya kuisoma. Waweza kumwambia kwa adabu: Mheshimiwa, nitaipeleka kwanza kwa mwakilishi wangu. Hakuna sheria ikuzuiayo kusema hivyo.

Tuwe wakweli pia kwa upande wetu. Yuko dereva auzaye oili ya gari njiani na kujaza ya bei rahisi. Huyo hatumtetei, amewaharibia wenzake wote jina, na huyo ndiye kifungu cha 19 kilichoandikiwa. Yuko na yule apendaye kuunguruma mlimani kisha kuzima kwa ghafula mbele ya hoteli kwa sababu ana njaa. Huyu si mwizi, hajui tu, na kutojua hutibiwa kwa kufundishwa. Mwajiri ampaye mtu gari la mamilioni bila kumfundisha hata nusu saa juu ya turbo asilie baadaye.

Wenzetu wa matatu wana taabu ya namna nyingine. Wengi hawana mshahara wa mwezi ila hesabu ya siku, na turbo ikianza kutoa moshi wa samawati mwenye gari huwaambia waendelee tu, atatengeneza mwisho wa mwezi. Moshi huo ni oili iungayo. Kila siku ya kuendelea yaongeza bei.

Ndani ya reli tuna desturi ya zamani ambayo twataka madereva wote waiige. Dereva akishuka katika injini yake huandika katika kitabu cha hitilafu kila alichokiona: moshi, mlio, oili iliyopungua. Fundi akishughulikia hutia sahihi. Asiposhughulikia, nafasi ya sahihi hubaki wazi, na uwazi huo husema. Dereva wa lori aweza kufanya hivi kwa daftari la shilingi chache. Andika tarehe, kilomita, oili uliyoipima asubuhi, na uliyemwambia. Ujumbe wa simu kwa msimamizi ni mzuri pia, kwa sababu hauna mdomo wa kukana. Ukisikia mluzi mkali usiokuwepo, ukaona moshi wa samawati au gari limepoteza nguvu, lisimamishe, utoe habari, wala usilazimishe kufika. Turbo ikipasuka na vipande vya chuma vikaingia injini, ile 118,000 itaonekana kama zawadi.

Kwa wanachama walionunua magari yao wenyewe kwa mkopo wa Sacco, neno la haraka, maana tumeulizwa. Turbo ya kiwanda chenyewe ni ghali kuliko zote. Ziko mpya za viwanda vingine, nyingine nzuri, nyingine ni sura tu. Ziko zilizotolewa katika magari kuukuu ya Japani, zilizojaa katika maduka ya Kirinyaga Road. Bei yake huvutia, ila hakuna ajuaye zilikunywa oili gani. Na yako matengenezo: mafundi hubadilisha moyo wa turbo peke yake, na kuacha maganda ya nje. Hii yaweza kuokoa fedha nyingi, lakini muulizeni fundi kama ana mashine ya kusawazisha. Kitu kizungukacho mara 100,000 kwa dakika hakisawazishwi kwa jicho. Kabla ya yote, fundi akuonyeshe kilichoiua ile ya kwanza. Asipoweza, msimpe fedha. Na mara nyingine turbo haijafa kabisa: bomba la hewa limepasuka au kibano kimelegea, kitu cha kutengenezwa kabla ya chai ya saa nne, nawe umekwisha kuandikiwa turbo mpya.

Katika shauri la ndugu yetu, Katibu wa tawi amemwandikia tajiri barua, pamoja na nakala ya kurasa sita za lile daftari la samawati, akitaka makato yasimamishwe na yale ya miezi miwili yaliyokwisha kufanywa yarudishwe. Amempa siku 14. Zikipita, shauri litakwenda kwa Afisa wa Kazi, na kutoka huko mpaka mahakama ya ajira ikibidi. Kukata mshahara kinyume cha kifungu cha 19 ni kosa lenye faini na hata kifungo, na barua imemkumbusha hilo.

Tena tumeiomba kamati iweke katika madai yetu ya mkataba wa pamoja ujao maneno haya: kwamba hakuna dereva atakayekatwa mshahara kwa ajili ya kuharibika kwa chombo kabla ya uchunguzi uliohudhuriwa na mwakilishi wa chama, na kwamba kitabu cha hitilafu na cha oili kiwekwe katika kila gari kwa gharama ya mwajiri. Maneno haya yatasomwa katika mkutano wa tawi. Wenye kupinga waje wapinge huko, si kando ya mkutano.

Mwanachama yeyote aliyekatwa fedha kwa ajili ya turbo, gia, tairi au kioo, alete karatasi ya mshahara ya mwezi ule na karatasi yoyote aliyotiliwa au aliyotia sahihi. Makato ya mwaka jana na mwaka juzi yaletwe pia, lakini msikawie: miaka 3 ikipita mahakama haitaisikia kesi. Ofisi i wazi Jumamosi, saa tatu hadi saa saba mchana.